Waya wa Nyuma ya Wodi ya Wanawake

Maneno yalianzia kwenye mashine ya kusaga, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyeyasema kwanza. Yalisemwa hivi: binti wa Mai Nachamba, yule aliyepata kazi ya kutunza mtandao hospitalini, ndiye anayeuzima mwenyewe. Asubuhi anachomoa waya mahali anapopajua yeye tu, mchana anauchomeka, halafu wakubwa wanasema, aa, huyu msichana anaijua kazi. Ndivyo anavyojilinda asiachishwe.

Mai Nachamba aliyasikia siku ya Jumatatu, beseni la mahindi likiwa kichwani. Hakuambiwa yeye. Mai Dorica alikuwa akiwaambia wengine, naye alikuwa amempa mgongo, akaendelea kusema mpaka mtu mmoja kwenye foleni akakohoa.

"Oo, Mai Nachamba! Umeamkaje?" Mai Dorica aligeuka na meno yote nje.

"Nimeamka salama, sijui wewe?"

"Na mimi salama. Tulikuwa tunamsifu binti yako hapa. Kazi za kompyuta si mchezo."

"Nimesikia mlivyokuwa mkimsifu."

Wawili watatu walicheka kwa pua. Mai Nachamba angeweza kuondoka, lakini kuondoka kungekuwa sawa na kukubali. Akasimama foleni yote mpaka zamu yake, akasaga, akalipa, akafunga unga wake kwa chitenje, kitenge chake, akaenda zake. Njiani akasalimiwa na watu wawili asiwasikie.

Mama mwingine angesema ni uongo, akapika chakula akalala. Yeye hakuweza, kwa sababu ndani ya yale maneno kulikuwa na kipande cha kweli alichokiona kwa macho yake. Dada yake Estere alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, huo ukiwa mwezi wa tatu, mguu una kidonda kisichofunga, na ni yeye Mai Nachamba aliyekuwa akimuuguza. Kila asubuhi alikuwa pale hospitalini na sisi wengine wenye wagonjwa, tunapika uji kwenye banda la wauguzaji, tunafua, tunaanika. Na kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, alisikia manesi wakipiga kelele kwamba mtandao umekatika tena. Ikifika mchana, unarudi. Kila siku hivyo, kama mtu aendaye kazini.

Basi lile neno likamkaa. Alilila, akalinywa, akalala nalo.

Jioni ile walikaa kula, yeye, mume wake Bambo Wyson, na Tiyamike mwenyewe ambaye alikuwa ametoka kazini na viatu vya vumbi. Kulikuwa na nsima, ugali wetu wa mahindi, na majani ya maboga. Bambo Wyson alikuwa mlinzi wa mashamba ya chai miaka ishirini na sita, sasa goti limekataa, kazi yake kubwa ni kukaa kizingitini na kutania wapita njia.

"Tiyamike."

"Mama."

"Huu mtandao wenu, kwani mtu akitaka anaweza kuuzima tu?"

"Mtu yeyote anaweza kuchomoa waya, mama. Hata kuku."

Bambo Wyson akacheka. "Basi wamkamate yule jogoo wa jirani, kila asubuhi ana kelele za mtu mwenye hatia."

"Na wewe unaweza?" aliuliza Mai Nachamba.

Tiyamike akaliweka chini tonge lake. "Mama, unaniuliza nini?"

"Nauliza tu."

"Hapana. Uliza ulichokuja nacho."

"Mashineni wanasema. Wanasema unauzima asubuhi ili uuwashe mchana."

"Na wewe uliwajibu nini?"

Mai Nachamba akalitazama bakuli la majani. Hakuwa amewajibu kitu, na binti akaliona jibu hilo usoni mwake. Akanawa mikono, akasema ameshiba. Nsima yake ilikuwa nusu bado.

"Enifa," Bambo Wyson alimwita mkewe kwa jina, jambo analolifanya akikasirika tu. "Mtoto ametoka kazini. Ungemwacha hata amalize kula."

"Kuna kitu gani kibaya kwa mama kuuliza?"

"Kuuliza si kubaya. Lakini umeuliza kwa sauti ya Mai Dorica."

Ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa miezi mitatu ya majaribio. Ama Tiyamike angepewa kazi, ama angerudi nyumbani. Kulikuwa na mtu wa kampuni moja kutoka Blantyre, mwenye tai na gari, aliyekuwa tayari kuichukua kazi hiyo. Kila mtu nyumbani alijua hivyo. Ndiyo maana Mai Nachamba aliogopa, na ndiyo maana uoga wake ukatoka vibaya.

*

Asubuhi ya Jumanne mtandao ukakatika saa tatu kasoro, kama kawaida yake.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani maabara ikishapima damu iliandika karatasi, na mtu akaipeleka wodini. Mwaka ule hospitali ikawekewa waya wa mtandao, mita themanini hivi, kutoka maabara mpaka wodi ya wanawake, na kisanduku chenye taa kila upande, ili majibu yaonekane kwenye skrini ya nesi hapohapo. Ulipokuwa mzima, ulikuwa baraka. Ulipokufa, mama mwenye ujauzito aliyeishiwa damu alisubiri, na daktari akasubiri, na kila mtu akamtafuta Tiyamike.

Mkuu wa utawala, Bambo Kamthunzi, alimwita mbele ya manesi wote.

"Dada Tiyamike. Miezi mitatu nasikia neno moja kwako. Unalijua?"

"Hapana, bwana."

"'Nachunguza.' Unachunguza nini? Taa ya kile kisanduku inawaka kijani, nimekwenda kuiona mwenyewe. Mchoro wa mafundi ninao, waya umezikwa chini ndani ya bomba, hakuna panya hakuna mvua. Sasa kilichobaki ni nani?"

"Taa kuwaka si lazima waya uwe mzima, bwana. Taa inasema kuna mtu upande wa pili. Haisemi kama mnasikilizana."

"Maneno hayo." Bambo Kamthunzi akachukua karatasi nne za majibu mezani, akampa. "Haya. Kwa kuwa mtandao ni wewe, leo wewe ndiye mtandao. Peleka."

Manesi wakacheka. Tiyamike mwenye diploma yake akazipokea zile karatasi kwa mikono miwili, akazipeleka wodini akikimbia, akarudi, akapewa nyingine. Mara ya tatu alipitia karibu na banda la wauguzaji, na mama yake alikuwa pale na sufuria ya uji. Wakatazamana. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mtandao huo unapita! Leo una viatu!" Mai Nachamba akainamia moto kana kwamba moshi umemwingia machoni.

Ilipofika mchana mtandao ukarudi wenyewe. Ndivyo ulivyomtesa Tiyamike tangu mwanzo. Asubuhi ukiwa umekufa, yeye anatumwa huku na huku na kufokewa. Mchana anapopata nafasi ya kushika vifaa vyake, mgonjwa ameshapona, hana hata joto.

"Usilie hapa, damu za watu zitachanganyika," alisema Saukila, mzee wa maabara, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Silii, Bambo Saukila. Nafikiri."

"Wewe ukifikiri macho yanatoa maji?"

Tiyamike akacheka bila kupenda. Kisha akamweleza alichotaka kufanya. Atavifundisha vile visanduku viwili, cha maabara na cha wodi, visalimiane. Kila sekunde moja, usiku na mchana.

"Visalimiane ili iweje?"

"Wewe ukinikuta njiani asubuhi unasema, umeamkaje. Mimi nasema, nimeamka salama, sijui wewe? Hapo tumemaliza. Nikinyamaza?"

"Nitajua una kinyongo. Au umekufa."

"Ndiyo hivyo. Kisanduku cha huku kitasalimia, kile cha kule kitajibu na kuuliza. Salamu tatu zikipita bila jibu, kitaandika saa na dakika, hata kama taa inawaka kijani. Nataka nijue unaanza kuumwa saa ngapi na unapona saa ngapi, nisiambiwe na watu."

Saukila akavua miwani akaifuta. "Weka. Kama nacho kina kinyongo, tukijue."

*

Jumatano chiperoni ikashuka. Anayeishi chini ya mlima anajua, Julai ikija ukungu unateremka na manyunyu yasiyoisha, siku mbili tatu hulioni jua, na baridi inakaa ndani ya mifupa. Wagonjwa walijikunyata. Sisi kwenye banda tulibanana kwenye moto. Hakuna aliyefua hata kitambaa.

Na mtandao haukukatika. Jumatano nzima. Alhamisi nzima. Tiyamike alifungua kumbukumbu za zile salamu, akakuta zote zimejibiwa, maelfu kwa maelfu, hakuna hata moja iliyopotea.

Ungedhani lilikuwa jambo la kufurahia. Bambo Kamthunzi alimpita kwenye korido akasema, "Umeona? Nilipokukazia macho tu, mtandao umepona." Akaenda zake bila kusubiri jibu. Na Alhamisi mchana maneno yale yakafika kwenye banda, yamenenepa. Sasa hayakuwa ya kukisia. Sasa watu walisema imethibitika, maana alipoonywa ameacha.

Mai Nachamba aliyasikia akiwa amempelekea dada yake uji. Estere, ambaye ugonjwa haukuupunguza ulimi wake, akamshika mkono.

"Uso gani huo? Aliyelazwa ni mimi."

"Wanasema mtoto amejifunga mwenyewe."

"Na wewe unaamini?"

"Dada, sijui kitu kuhusu nyaya. Niliishia darasa la sita. Wakisema hivi naona kama ni kweli, wakisema vile naona kama ni kweli."

"Nyaya huzijui. Mtoto je?"

Mai Nachamba akaokota bakuli la uji akatoka. Lakini jioni alipofika nyumbani aliwasha pasi ya mkaa, akaichukua blauzi nyeupe ya Tiyamike, akainyoosha kola, akainyoosha mikono, akainyoosha tena kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Tiyamike alikuwa amekaa na baba yake.

"Baba, nimeponywa ugonjwa ambao sikuumwa," alisema. "Kitu kimekwenda vizuri siku mbili, na hicho hicho ndicho kinanimaliza."

"Kesho si bado?"

"Kesho saa tano ananiita kutoa uamuzi."

"Basi mpaka saa tano una kazi," alisema Bambo Wyson. "Mimi nililinda chai miaka ishirini na sita. Mwizi hakuja siku niliyomwotea hata mara moja. Alikuja siku ya jua, mchana, anasalimia watu."

Mai Nachamba akaitundika ile blauzi mlangoni. "Tiyamike."

"Mama."

"Nimekunyooshea."

"Nimeona. Asante, mama."

Hawakusema zaidi, lakini binti alikula nsima yake yote.

*

Ijumaa jua likatoka, kali kama limekasirika. Mlima ukaonekana wote. Na pale hospitalini, jamani, nani angesubiri? Kulikuwa na nguo za siku tatu. Shuka za wagonjwa, vitenje, nepi, mablanketi yaliyolowa ukungu. Tulifua wote kwa pamoja, sabuni ikapita mkono kwa mkono, watu wakaimba. Saa mbili na nusu kila mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kuanika.

Maabarani, Tiyamike alikuwa amekaa mbele ya laptopu yake tangu saa moja. Saa mbili na dakika arobaini na mbili, salamu ya kwanza ikapotea. Ikafuata ya pili. Ya tatu. Taa bado ya kijani.

"Bambo Saukila! Umekufa!"

"Nani?"

"Mtandao! Umekufa, na sijatoka kwenye kiti hiki!"

"Mimi shahidi," alisema Saukila. "Sasa?"

Sasa alikuwa na kitu ambacho hajawahi kukipata, mgonjwa akiwa bado mgonjwa. Kile kisanduku kilikuwa na uwezo mwingine. Kinapeleka mpigo mdogo wa umeme ndani ya waya, na mpigo ukikuta mahali palipoachana unarudi, na kwa muda ule wa kurudi kinahesabu umbali. Tiyamike akabonyeza. Wakasubiri. Skrini ikaandika: mita thelathini na moja.

Saukila akautandika mchoro wa mafundi mezani, akapima kwa rula. "Thelathini na moja ni chini ya bustani ya maua ya wodi. Tuchimbe?"

Tiyamike alishatoka nje. Kwenye ukuta wa maabara kulikuwa na bomba la plastiki lililoingia ardhini, kama mchoro ulivyosema, na miezi mitatu alipita hapo akaliona akaridhika. Safari hii alipiga magoti akalivuta. Likatoka lote mkononi. Lilikuwa na urefu wa mkono wake, na ndani yake hakuna kitu.

Akainua macho. Chini ya mapaa, waya mweusi mwembamba ulitoka kwenye tundu la ukuta, ukapita juu, ukaelekea nyuma ya wodi. Kila mtu pale alikuwa akiuita waya wa simu ya zamani. Akaanza kuufuata huku akihesabu hatua zake kwa sauti. Tisa. Kumi. Akapinda kona. Ishirini. Nyuma ya wodi wafanyakazi hawapiti, ni kwetu sisi wauguzaji. Ishirini na nane. Mbele yake kukawa na ukuta wa nguo za rangi zote, zinatiririka maji, na ule waya umeinama katikati kama mgongo wa punda. Akaisukuma shuka moja. Thelathini na moja.

Mbele yake alisimama mama yake, mikono juu, analivuta blanketi la Estere likae sawa.

"Tiyamike! Umekuja kufanya nini huku? Si una mkutano?"

"Mama, unaanika wapi?"

"Hapa. Kwani wapi? Kamba yetu mafundi waliitoa walipoweka mtandao, nguzo wakaacha. Tukaona kuna huu waya wa simu iliyokufa."

"Mnaanika kila siku?"

"Kila siku yenye jua. Mimi na wenzangu wote. Kwa nini unanitazama hivyo?"

"Mama. Huu ndio mtandao."

Mai Nachamba akautazama waya. Akalitazama blanketi. Juu ya kichwa chake, palepale blanketi lilipolemea, palikuwa na uvimbe wa gundi nyeusi, mahali mafundi walipounganisha vipande viwili vya waya kwa mkono, na uvimbe ule ulikuwa umeanza kufunguka mdomo. Nguo ziliponing'inia maji, uliachana. Zikikauka zikawa nyepesi, ukagusana tena. Akaelewa bila kufundishwa. Asubuhi, mchana. Chiperoni.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kulivuta lile blanketi lishuke.

"Acha, mama. Usilitoe."

"Mwanangu, tutoe haraka! Wakijua ni mimi watasema tulipanga. Watasema mama alikuwa anazima na binti anawasha. Utafukuzwa leo hii hii!" Alikuwa ananong'ona. "Nitawaambia wenzangu wasianike tena, mtandao utapona, hakuna atakayejua."

"Na mimi nitakuwa nani? Yule aliyeacha baada ya kuonywa?"

Mai Nachamba akautazama tena ule uvimbe wa gundi.

"Mama, nakuomba. Kaa hapo hapo na blanketi lako. Namwita."

Mai Nachamba alikuwa bado na nafasi ya kuondoka. Angeweza kuchukua beseni lake akapita uwazi wa nyuma ya jiko, na binti angebaki na waya mtupu na hadithi. Alilifikiria hilo, alinisimulia mwenyewe baadaye. Kisha akalirudisha blanketi juu ya waya, akalishika kwa mikono miwili, akasema, "Haya. Mwite."

*

Bambo Kamthunzi alikuja amekasirika, viatu vyake vikikwepa matope ya sabuni. Sisi tulijipanga pembeni na mabeseni yetu. Hatukuelewa bado, tulidhani tunafukuzwa.

"Nini hiki? Nimekuita ofisini saa tano, wewe unaniita mimi kwenye nguo?"

"Bwana, Bambo Saukila yuko maabarani anatazama skrini. Nimempigia, yuko hewani." Tiyamike akampa simu. "Muulize mtandao ukoje."

"Saukila. Ukoje?"

"Umekufa, bwana," sauti ya mzee ikatoka kwenye simu.

"Mama, toa," alisema Tiyamike.

Mai Nachamba akalivuta blanketi. Tukazitoa na zetu. Waya ukapanda juu.

"Umerudi!" alisema Saukila.

"Tundika."

Blanketi likarudi, linadondosha maji kwenye kiatu cha mkuu wa utawala.

"Umekufa."

"Toa."

"Umerudi!"

Wakafanya mara nne. Mara ya tano Bambo Kamthunzi mwenyewe ndiye aliyesema, "Tundika," kwa sauti ndogo. Kisha akarudisha simu.

"Mama huyu ni nani?"

"Ni mama yangu, bwana."

Mai Nachamba akafuta mikono kwenye chitenje chake, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya mbele ya mkubwa, lakini alipozungumza hakuangalia chini.

"Bambo, Jumatatu nilimwuliza mtoto huyu kama ndiye anayezima mtandao. Nilimwuliza akiwa anakula. Kumbe nilikuwa nauzima mimi. Miezi mitatu nimeuzima. Yeye hakujua, na mimi sikujua. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni kwenye banda, dada yangu nitampikia nyumbani."

"Na mimi nimeuzima!" ilisema sauti nyuma. "Shuka mbili, kila siku."

"Mimi na nepi za mapacha!"

"Kama ni kukamata, leteni gari kubwa," alisema mwingine, "na dereva aje na sabuni, hatujamaliza."

Kicheko kikapasuka, hata nesi aliyekuwa dirishani akacheka. Nami, kwa kuwa nilianika pale sawa na wao, nilisema langu. Bambo Kamthunzi hakucheka. Alikuwa analitazama lile bomba tupu mkononi mwa Tiyamike.

"Lilikuwa wapi hilo?"

"Ukutani, bwana. Halikwenda popote."

"Nilitia sahihi," alisema, na hatukujua anamwambia nani. "Waliniletea karatasi kwamba waya umezikwa. Nilikuwa na mkutano. Nikatia sahihi ofisini." Akalichukua bomba, akaligeuza, akachungulia ndani yake kama mtoto.

Angeweza kukasirika. Watu wengi wakikutwa na kosa lao hutafuta wa kumpa. Yeye alikohoa, akamwambia Tiyamike aje ofisini hiyo saa tano kama walivyopanga, na aje na zile kumbukumbu za salamu, zote. Hakusema pole. Alipofika kwenye kona akageuka.

"Hawa akina mama wanahitaji kamba," alisema.

Tiyamike hakupewa kazi ya kudumu. Alipewa miezi sita, na barua yenye muhuri. Mtu wa Blantyre aliambiwa asubiri. Mafundi wale waliitwa, wakaja wakizungusha maneno, na Tiyamike akawasimamia akiwa na futi mkononi mpaka waya ukazikwa kweli, kipande kimoja kisicho na kiungo, naye akapima mwenyewe kabla udongo haujarudishwa. Nguzo zikafungwa kamba mbili nene.

Mashineni Mai Dorica alisema alijua tangu mwanzo kwamba msichana yule ana akili. Mai Nachamba alimwitikia tu, "Eee." Halafu akaongeza, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Siku ile nilinyamaza hapa. Leo nasema. Mwanangu hakuzima kitu."

Nimeandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu, hasa mnaouguza hospitalini, na wenye watoto waliopata kazi tusizozielewa. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usianike nguo kwenye waya wowote usioujua, hata ukiambiwa umekufa. Omba kamba.

Usitie sahihi kazi ambayo hujaiona kwa macho.

Usiridhike kwa kuona taa inawaka.

Usimfokee fundi kabla hajaelezwa shida inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi. Mweleze hilo kwanza, na wewe liandike.

Ukisikia mtoto wako anasemwa, usinyamaze ukadhani ni adabu.

Usimuulize akiwa anakula.

Na ukigundua kosa ni lako, usiondoe blanketi.